Mdanzi Usikatwe

Toleo hili tumelitoa lote kwa miti ya matunda ya uani, na tumeanza na jamii ya michungwa kwa sababu inatuponyoka. Kuanzia Bunju na Tegeta upande wa Kinondoni hadi Tandika, Mbagala na Toangoma upande wa Temeke, kiwanja kikishauzwa hufyekwa kwanza, tofali zikafuata. Mchungwa huenda ukaponea, maana mwenye nyumba anajua bei ya tunda lake. Mdanzi na mfurungu haionewi huruma, kwa kuwa danzi ni chungu na furungu halina soko. Mimi nasema hasara kubwa iko hapo.

Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi wa vinasaba vya sampuli 60 za jamii hii. Watafiti walionyesha kwamba chimbuko lake ni chini ya milima ya Himalaya, kati ya Assam na Yunnan, yapata miaka milioni 8 iliyopita. Chungwa tamu halimo porini hata kidogo. Ni mchanganyiko wa furungu na chenza. Danzi nalo mama yake ni furungu na baba ni chenza. Limau likazaliwa na danzi kwa sitroni, lile tunda la ganda nene lisilo na maji mengi. Ndimu tunayokamulia samaki ina damu hiyohiyo ya sitroni. Mdanzi unaokatwa Chamazi kupisha msingi wa nyumba, basi, ni wa ukoo wa mama wa limau.

Pwani yetu ina ukongwe katika habari hii. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliona ndizi, malimau na sitroni. Januari 1499 mabaharia wa Vasco da Gama, wakifa kwa kiseyeye, walitia nanga Malindi wakiomba machungwa.

Lakini ukongwe peke yake hauokoi mti. Kinachonitia hofu ni kwamba machungwa matamu yote, yawe ya Muheza, ya Mkuranga au ya Florida, yanatokana na mti mmoja wa mwanzo. Aina kama Valensia na Washington zimetofautiana kwa mabadiliko madogo tu. Hata ukipanda mbegu, mche unaoota kwa kawaida ni mama yuleyule. Ugonjwa ukimpata mmoja, wote hawana kinga, na ugonjwa wenyewe upo: majani hupata mabaka ya njano, tunda hubaki dogo, limepinda, chungu, na tiba hakuna. Ulionekana Florida mwaka 2005, na mavuno ya machungwa ya huko yameshuka kwa zaidi ya asilimia 90. Mdudu wa Asia anayeusambaza aliripotiwa Morogoro mwaka 2016. Morogoro na Dar ni safari ya asubuhi moja, na miche hupakiwa kwenye magari kila siku.

Kwa hiyo tazama mche kabla ya kulipa. Kwenye kiriba cheusi kando ya barabara, mche uliobebeshwa una kovu juu kidogo ya udongo: chini ni mlimau wa kienyeji, juu ni mchungwa. Chipukizi lenye miiba likitoka chini ya kovu, likate mapema, la sivyo baada ya miaka michache utavuna malimau. Majani yakiwa na mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili za mshipa wa kati, mwache muuzaji na mche wake.

Wanaotafuta ukinzani wa ugonjwa huo hawautafuti ndani ya chungwa; wanautafuta kwa ndugu zake. Na mfurungu si kama mchungwa: kila mbegu yake ni mtoto mpya, asiyefanana na mwingine. Mfurungu mkongwe wa Yombo ukiangushwa, hakuna mwingine wa namna yake popote. Halmashauri hupima barabara, mifereji na viwanja; sioni kwa nini mti wa namna hiyo usiandikwe kabla ya kibali cha ujenzi kutolewa.

Mwenye mti asiyeweza kuubakiza amwite mtu wa kitalu achukue vikonyo kabla ya msumeno. Na wewe unayejua ulipo mdanzi, mkangaja au mfurungu uliosimama bado, tuandikie mtaa na umri wake kama wazee wanaukumbuka. Orodha ya mitaa tutaichapisha toleo lijalo.