Dari linapolowa bila mvua kunyesha

JUNI na Julai, baridi inapokaza mkoani Njombe, nyumba nyingi hufungwa madirisha mapema jioni. Watoto hulazwa chumba kimoja wapate joto, matundu ya hewa huzibwa kwa matambara, na sare za shule ambazo hazijakauka huanikwa ndani. Asubuhi mzazi anakuta dari lina madoa ya maji, blanketi lina unyevu na nyuma ya kabati kuna ukungu mweusi.

Wa kwanza kulaumiwa ni fundi. Anaitwa, anapanda juu, anagongelea misumari upya na kupaka lami kwenye maungio ya bati. Wiki moja baadaye maji yapo palepale. Kabla ya kumlipa, mzazi ajiulize: mvua ilinyesha lini? Kama ni kiangazi na dari linalowa, huenda bati halivuji. Maji hayo yametoka ndani ya nyumba.

Pumzi za watu waliolala, sufuria inayochemka, maji ya moto ya kuoga na nguo mbichi, vyote hutoa mvuke. Mvuke huo hupanda pamoja na hewa ya joto na kupenya hadi juu ya dari. Usiku bati hupoa sana, na mvuke ukiligusa hugeuka matone, kama yale ya kwenye mfuniko wa sufuria.

Tiba yake si ya gharama kubwa. Ondoa matambara kwenye matundu ya hewa. Kama hofu ni mbu, weka wavu. Kila asubuhi fungua madirisha ya pande mbili ili hewa ipite. Funika sufuria unapopika, na nguo zianikwe nje. Kitanda na kabati visigusane na ukuta. Anayejenga amwambie fundi aache njia ya hewa kati ya dari na bati, yenye wavu wa kuzuia popo na panya.

Ukungu usifagiliwe ukiwa mkavu, maana vumbi lake husumbua kifua. Ufutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, ukuta ukaushwe, na mtoto mwenye pumu akae mbali wakati wa kazi hiyo.

Kosa la hatari zaidi ni kuingiza jiko la mkaa chumbani ili kuondoa baridi na unyevu. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na huweza kuua watu wakiwa usingizini. Anayeumwa kichwa, kuhisi kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko atolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali.

Mtoto akisikia baridi, aongezewe blanketi na soksi. Akikohoa kila usiku, apelekwe kituo cha afya, na mhudumu aelezwe pia kuhusu ukungu wa chumbani.