Nairobi kwa Gari la Moshi na kwa Miguu

Wengi wakaao Mwiki huijua Nairobi kwa dirisha la matatu tu. Heri mtu atenge siku moja pamoja na watoto wake, wapande gari la moshi la asubuhi litokalo Ruiru, washuke stesheni kuu, kisha wauone mji kwa miguu. Reli hiyo si ya jana: ilifika Thika mwaka 1913, ili mazao ya mashamba ya walowezi yapate kusafirishwa. Leo yachukua wafanyakazi.

Karibu na stesheni pana Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Kisha fuateni Moi Avenue, ambayo zamani iliitwa Government Road. Humo ndimo alimouawa Tom Mboya tarehe 5 Julai 1969, na sanamu yake ipo kando ya barabara iyo hiyo. Katika Kimathi Street mtaiona sanamu ya Dedan Kimathi, iliyozinduliwa mwaka 2007. Mwisho, simameni mbele ya simba wawili wa mawe wa maktaba ya McMillan. Ilifunguliwa mwaka 1931, lakini kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma.

Hayo ndiyo ya kuwaonyesha watoto. Babu zao walipita barabara hizo wakiwa na kipande shingoni, ndani ya kijaluba cha chuma, nao askari aliweza kuwasimamisha wakati wowote. Atembeaye leo bila kudaiwa kipande hakuiokota haki hiyo njiani, wako walioilipia. Mtoto asiyeambiwa hayo ataona mawe na magari tu.