Karafuu ni Kiungo, si Chakula

Ndugu Wanachama,

Karafuu hutiwa katika pilau, lakini hajapata kuonekana mtu aliyeshiba karafuu. Neno hili ndilo nililokusudia kulileta mbele yenu kabla ya mkutano wetu mkuu.

Kila mmoja wetu aijua tabia ya mkarafuu. Mwaka mmoja huzaa hata majamvi ya kuanikia yakatupungukia, na mwaka wa pili ukanyamaza kimya. Lakini tumbo halina msimu. Katika miezi ya ukavu twaenda dukani kukopa mchele kwa ahadi ya karafuu ambazo bado hazijaonekana mtini, na siku ya kuzichuma huwa zimekwisha liwa zamani. Siwasemi wengine tu. Jina la katibu wenu nalo limo katika daftari la duka.

Na mchele wenyewe watoka mbali. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Burma, mchele wa huko ulikatika, na visiwani kwetu wazee wakarejea kwenye muhogo. Mwaka 2008 India na Vietnam zilizuia mchele wao usitoke, bei ikapanda dunia nzima. Julai 2023 India ikapiga marufuku tena kuuza nje mchele mweupe usiokuwa basmati, na marufuku hiyo haikuondolewa ila Septemba 2024. Wala bei ya karafuu haimo mikononi mwetu. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa kwa ajili ya sigara zake, ilipanda mikarafuu yake wenyewe, na katika miaka ya 1980 bei ikaanguka vibaya. Basi mwenye kuuza kitu kimoja na kununua vyote vingine amejiweka chini ya mabwana wawili, na wote wawili hawamjui.

Wako wanaosema kuwa shamba la karafuu si konde la muhogo. Usemi huo una ukweli ndani yake. Muhogo ukikaribia shina hunyang'anyana chakula na mti, na jembe huikata mizizi ya juu juu. Lakini si kila mahali shambani pana shina. Penye pengo la mti uliokufa pana jua la kutosha muhogo. Mche mchanga wahitaji kivuli, na mgomba ndio mwavuli wake. Nao mche huo hukaa miaka 6 hata 8 kabla ya kuzaa. Je, miaka yote hiyo ardhi ikae bure? Bondeni penye maji pafaa majimbi, mpakani pafaa mshelisheli, na kunde na mbaazi huirudishia ardhi nguvu.

Sasa nije kwenye jambo zito. Desturi ya zamani ilikuwa jirani asiye na ardhi huachiwa alime baina ya mikarafuu. Mazao ya muda yalikuwa yake, miti ya kudumu ilikuwa ya mwenyewe, na shamba lilipata mtu wa kulipalilia. Leo baadhi yetu wanakataza, kwa kuogopa kuwa mlimaji wa muhogo kesho atadai ardhi. Hofu hii siidharau. Lakini dawa ya hofu ni karatasi na mashahidi. Kumfukuza jirani hakumtibu mtu. Twalalamika kila msimu kuwa karafuu mbichi zaibiwa usiku. Mtu tuliyemnyima hata tuta moja la muhogo, kwa nini akeshe kutulindia mali yetu?

Kwa hivyo nitaleta mkutanoni mambo matatu. La kwanza, kila mwanachama atenge sehemu ya shamba lake kwa chakula. La pili, mwenye nafasi amruhusu jirani alime mazao ya muda tu, kwa mapatano yaliyoandikwa mbele ya sheha. La tatu, tulimiane kwa zamu kama walivyofanya wazee wetu, na Jumuiya iwe na konde moja la vipando. Achukuaye mzigo mmoja wa vijiti vya muhogo arejeshe mzigo mmoja baada ya mavuno, apate na mwenziwe.

Hapana anayetaka mkarafuu ukatwe. Mkarafuu ndio uliosomesha watoto wetu na kuezeka nyumba zetu. Lakini mwenye muhogo shambani huziuza karafuu zake kwa wakati aupendao, na asiye nao huziuza kwa wakati autakao mwenye duka.

Sote tulifundishwa chuoni kuwa apandaye mmea, akala mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Basi njooni mkutanoni, na kila mmoja aje na jibu lake: shambani mwako leo mna nini cha kutia chunguni?

Ni mimi katibu wenu.