Meno matatu yameng'olewa, maumivu yako palepale!

Haya wadau, leo sina habari ya nani kaachana na nani. Kuna dada mmoja, jina kapuni, kwao Ipelele kule Makete, anauza nguo Makambako. Siku hizi anatembea kajifunika mtandio nusu ya uso, na mjini washamaliza kesi. Kapigwa na mume. Kalogwa. Kachoma sindano za urembo zikabuma.

Ukweli ni huu: upepo wa baridi ukimgusa shavu la kulia, anapigwa kama na shoti ya umeme. Sekunde chache, kimya, halafu tena. Kupiga mswaki ni vita, kutafuna ni vita. Anaficha shavu na upepo, basi!

Ameshang'olewa meno matatu. Nauliza, la kwanza lilipotoka na maumivu yakabaki, la pili liling'olewa kwa kosa gani? Na la tatu?

Uso una mshipa mkubwa wa fahamu kila upande, wenye matawi matatu: paji la uso, shavu na taya. Hayo mawili ya chini ndiyo yanayopeleka hisia za meno. Mshipa ukibanwa huko ndani, mara nyingi na mshipa wa damu, wewe unasikia jino. Ndiyo maana watu wanapoteza meno mazima. Salman Khan, yule wa sinema za Kihindi, alisema hadharani mwaka 2011 kwamba anaugua ugonjwa huu, akaenda Marekani kutibiwa. Naye kalogwa?

Sisemi msiende kwa daktari wa meno. Nenda, upigwe picha, maana kweli inaweza kuwa jino, au sainasi. Ila akikwambia haoni tatizo halafu anashika koleo, wewe simama! Omba barua ya rufaa.

Najua mtasema, "Bingwa yuko Dar, nauli nani atatoa?" Nani kasema uanzie Dar? Anza na daktari bingwa wa magonjwa ya ndani kwenye hospitali kubwa ya karibu. Njombe mjini kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, na Makete kuna Ikonda ambayo watu wanaifuata kutoka mikoa mingine. Mweleze vizuri: upande mmoja, kama shoti, inakuja na kuondoka, na nini kinaiamsha. Maelezo hayo ndiyo nusu ya kipimo.

Dawa inayoanziwa inaitwa kabamazepini, ileile ya kifafa. Panadol na diklofenaki hapa mara nyingi hazifui dafu. Lakini usijinunulie dukani, inaweza kukuharibu ngozi vibaya na inahitaji kufuatiliwa. Dawa ikishindwa ndipo mnaongelea Mbeya, au MOI pale Muhimbili kwa wapasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Na uso ukifa ganzi au ukipinda, usisubiri kesho.

Jino likishatoka halirudi. Barua ya rufaa ni karatasi tu, ukiambiwa hapana unaomba tena.

Haya, tiririkeni hapo chini. Ila ukija na "kapigwa na mume", kwanza tuambie ulimuuliza lini kama anaumwa.