TUSOME NYUMBANI: Mikali, Binti Sauli

Mwezi huu twafungua Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 18, tumfuate mwanamke mmoja mpaka 2 Samweli 6. Jina lake Mikali. Aya zinazomtaja ni chache, walakini walimu wengi wamemhukumu upesi kuliko alivyohukumiwa na mwandishi mwenyewe, na hukumu yao imewaangukia akina mama wasio na watoto katika makanisa yetu.

Yafaa kwanza tujue desturi ya wasimulizi wa Kiebrania. Hawasemi sana. Sura ya mtu, mavazi yake, hata mawazo ya moyo wake, hawavitaji ila habari ikivihitaji. Erich Auerbach, mtaalamu Myahudi aliyeondolewa kazini huko Ujerumani mwaka 1935, aliandika juu ya jambo hili akiwa Istanbul wakati wa vita. Kitabu chake, Mimesis, kilitoka mwaka 1946. Alilinganisha habari ya Ibrahimu na Isaka na utenzi wa Homer, akaonyesha kwamba Mgiriki huanika kila kitu juani, bali Mwebrania huacha mengi kivulini. Mwaka 1981 Robert Alter wa Marekani alimtazama Mikali kwa jicho kama hilo.

Basi, mara mbili katika sura ya 18 twaambiwa kwamba Mikali alimpenda Daudi. Katika masimulizi yote ya Agano la Kale, hapa peke yake msimulizi asema ya kuwa mwanamke alimpenda mwanamume. Na Daudi je? Lililompendeza yeye limeandikwa pia: kuwa mkwe wa mfalme. Sauli alitaka mahari ya govi mia za Wafilisti, akitumaini kwamba kijana atauawa akizitafuta. Daudi akaleta mia mbili. Yonathani ampenda Daudi, Israeli na Yuda wampenda, Mikali ampenda. Kwamba Daudi alimpenda Mikali, hakuna neno.

Katika sura ya 19 Sauli atuma watu waizunguke nyumba, wamwue Daudi asubuhi. Mikali ndiye amwonyaye mumewe, ndiye amteremshaye dirishani, ndiye alazaye kinyago kitandani na kukifunika nguo, kisha awaambia wajumbe kwamba mume ni mgonjwa. Katika usiku ule wote Daudi hatamki neno. Aya yamaliza habari yake kwa vitenzi vitatu vifuatanavyo: kwenda, kukimbia, kuokoka. (Kiswahili chetu kina -ka- ya kusimulia, nayo yafuata mwendo wa Kiebrania vizuri ajabu; mwalimu asomaye kwa sauti asiifunike kwa maelezo.) Mtu aweza kusema kwamba hatari haikuacha nafasi ya kuagana. Yamkini. Lakini katika sura ya 20 Daudi huyo huyo aagana na Yonathani, wakabusiana na kulia. Mwandishi ajua kuandika machozi apendapo.

Tena ana njia nyingine, ambayo sisi twaielewa pasipo kufundishwa. Kwetu mwanamke mmoja huitwa binti fulani, kisha mke wa fulani, kisha mama fulani akiisha kuzaa. Na ukisikia aitwavyo, wajua amewekwa upande gani. Mikali ampendapo Daudi ni binti Sauli. Usiku amwokoapo ni mke wa Daudi. Sauli amwozapo kwa mtu mwingine, yuko katikati: majina yote mawili yameandikwa pamoja, binti wa huyu na mke wa yule. Miaka yapita, Sauli amekufa, na Daudi ataka arudishiwe mke. Kwa Abneri amwita binti Sauli, kwa maana pale shauri ni la ufalme. Kwa Ishboshethi ataja mke na mahari, kwa maana pale shauri ni la haki. Huyu mume wa pili, Paltieli, aandamana naye njiani akilia, mpaka Bahurimu karibu na Yerusalemu. Abneri amwambia arudi, akarudi. Hatusomi habari zake tena. Ni aya moja tu, lakini katika habari zote za Mikali hakuna mwingine amliliaye, na mwandishi amwita mumewe. Mikali mwenyewe alisema nini njiani? Hakuna aliyemwuliza.

Kisha Sanduku la Bwana laingia mjini, na Mikali yuko dirishani tena. Dirisha la kwanza lilimpitisha Daudi awe hai; katika hili la pili amwona akicheza, akamdharau moyoni, naye hapa aitwa binti Sauli. Akatoka na kumkejeli mfalme kwa kujifunua mbele ya wajakazi. Daudi sasa asema naye, na maneno yake yauma: Bwana alimchagua yeye kuliko baba yake Mikali na nyumba yake yote. Aya inayofuata yasema kwamba binti Sauli hakupata mtoto hata kufa. Jina la mama fulani hakulipata.

Ni hapo nisimamapo na wahubiri wengine. Nimesikia ikitangazwa mimbarani kwamba Mungu alimfunga tumbo kwa dharau yake, na macho ya watu yakageukia viti vya wanawake. Someni tena. Kitabu hiki hiki, katika sura yake ya kwanza kabisa, chasema waziwazi kwamba Bwana alikuwa amemfunga Hana tumbo. Mwandishi alikuwa na maneno hayo, wala juu ya Mikali hakuyatumia. Je, ni Mungu? Je, ni Daudi ambaye hakuingia tena nyumbani mwake? Au ni Mikali aliyefunga mlango? Ameyaweka magomvi na utasa bega kwa bega, akanyamaza. Anayeongeza sababu aongeza yake mwenyewe.

Mwenye kuuliza juu ya 2 Samweli 21:8, ambapo nakala nyingi za Kiebrania zampa Mikali wana watano, na atazame jina la baba yao: ni Adrieli, mume wa Merabu dada yake. Baadhi ya nakala za kale zina jina la Merabu mahali hapo.