Oksitosini si mzigo wa buti

Sabuni ukiivusha Busia kwenye jua kali, itafika Kasubi sabuni. Oksitosini haiko hivyo. Homoni hii ya kiwandani hukaza mji wa mimba, mishipa ikabanwa na damu ya mzazi ikakatika. Inataka baridi, nyuzi 2 hadi 8. Ikishinda kwenye buti la gari, nguvu hupungua bila chupa kuonyesha chochote. Mkunga wa zahanati kando ya barabara ya Hoima atadunga, angoje damu isimame.

Kabetosini, iliyojaribiwa Uganda na Kenya pia, huvumilia nyuzi 30. WHO iliipendekeza mwaka 2018. Serikali zetu ziinunue kwa pamoja. Kwa sasa, mfanyabiashara mwenzangu wa mpakani, ukiagizwa oksitosini, kataa. Waachie wenye leseni na friji.