Barabara haina dari

Najua leo wenye malori watanipopoa. Na wanipopoe tu, nimeshazoea. Kila nikiandika habari ya mizani lazima atokee mtu aniulize: wewe mwandishi hata baiskeli huna, biashara ya usafirishaji utaijulia wapi? Ni kweli, lori sina. Lakini barabara ninayo, tena nimeilipia kodi kama yeye.

Nianzie mbali kidogo, msomaji wangu univumilie. Wenzetu Ulaya wana barabara zinazopita ndani kabisa ya milima, kwenye mahandaki. Tarehe 24 Machi 1999 lori lililobeba majarini na unga liliwaka moto ndani ya handaki la Mont Blanc, lile linalounganisha Ufaransa na Italia, wakafa watu 39. Handaki likafungwa karibu miaka mitatu. Lilipofunguliwa 2002 malori yakakuta masharti: mwendo una kipimo, umbali kati ya gari na gari una kipimo, na lori lililozidi kimo haliingii. Sijasikia mgomo wa kuomba dari iongezwe asilimia 5 kwa huruma. Dari haihongeki. Ukizidi unagonga, na wa kwanza kuumia ni wewe mwenyewe.

Barabara zetu hazina dari. Lori likizidisha uzito leo, lami haipigi kelele. Inachanika chini kwa chini, maji yanaingia, na siku inapotoboka mwenye lori keshahamia njia nyingine. Anayeruka kwenye shimo ni mama mjamzito aliyepakiwa kwenye bodaboda kukimbizwa zahanati. Kosa la huyu, maumivu ya yule. Ndiyo maana watu wanathubutu kubishana na mizani wakati hakuna anayebishana na dari.

Mnakumbuka Oktoba 2013? Waziri wa Ujenzi alikuwa John Magufuli. Kulikuwa na waraka wa wizara wa mwaka 2006 ulioachia gari lililozidisha hadi asilimia 5 lipite bila kutozwa. Magufuli akasema basi, kikomo ni kikomo. Wenye malori wakagoma, foleni zikajaa kwenye mizani, mizigo ya nchi jirani ikalala njiani. Waziri Mkuu akaingilia kati, akaagiza utaratibu wa zamani uendelee kwanza huku mazungumzo yakifanyika. Na Waziri Mkuu huyo alikuwa nani? Mizengo Pinda, mtoto wa mkulima, mwenyeji wa Kibaoni, hapa hapa Katavi ninapopaandikia.

Simkatalii kwamba nchi ilikuwa imekwama na mtu mzima ilibidi aseme neno. Lakini siku ile mwenye lori alijifunza jambo moja baya sana, kwamba uzito ni suala la kuongea. Egesha magari barabarani siku chache, wakubwa watakaa kikao.

Sasa hiyo asilimia 5 wanayoiita kidogo tuipige hesabu. Gari kubwa kabisa linaruhusiwa jumla ya tani 56. Asilimia 5 ya hapo ni tani 2.8, yaani magunia 28 ya kilo mia mia. Ya bure, kila safari! Halafu uharibifu wenyewe haupandi sawa na uzito. Kati ya 1958 na 1960 Wamarekani walijenga barabara za majaribio huko Illinois, wakaweka askari waendeshe malori kuzizunguka mchana na usiku hadi zikafa, ndipo wakakaa kupiga hesabu. Wahandisi wanayatumia majibu yale mpaka leo: maumivu ya barabara yanapanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito. Ekseli moja yenye tairi nne mwisho wake ni tani 10. Ipakie tani 12, uzito umeongeza moja ya tano tu, lakini umeiumiza barabara mara mbili. Na ile asilimia 5 ya huruma ni uharibifu wa zaidi ya asilimia 20 juu. Hiyo ni hesabu ya lami na zege. Changarawe wakati wa masika haina hata haja ya kikokotoo.

Kwenye sheria tumeshapiga hatua, tusikatae. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ni ya 2016, na Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019. Lakini sheria hiyo inakutana na lori pale penye mizani, na mizani iko kwenye barabara kuu. Lori halizaliwi kwenye mizani jamani. Linapakiwa shambani.

Njoo Kibaoni uone. Ni njia panda, barabara ya Sumbawanga kwenda Mpanda inakutana na ile ya Majimoto na Inyonga. Mpunga wa Mpimbwe unatokea huko bondeni. Nimekaa pale siku mbili wakati wa mavuno nikihesabu magari, nikaacha kuhesabu. Malori yanayotakiwa kusubiri mzigo barabara kuu yanaingia hadi kwenye majaruba. Utingo mmoja alinieleza bila aibu kwamba huku wanapakia mpaka springi zilale, na wakikaribia mizani wanapunguzia kwenye gari jingine. Yaani barabara ya kijiji inabeba ule uzito ambao barabara kuu imeukataa! Na mji wenyewe unaitwa Kibaoni. Kibao cha tani 10 nimekiona kwenye njia ya kuingia mashambani, kimeinama, semi-trela inapita pembeni yake kama inampita mlevi.

Halafu mkulima huyo huyo keshapigwa lumbesa. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100. Linashindiliwa, linavikwa kilemba juu, linashonwa. Anaibiwa kwenye gunia, kisha gunia lile lile linapanda juu ya lori lililozidi na kumvunjia barabara. Ikifika Januari njia imekatika, mnunuzi anamwambia kwa ubaya huu wa njia bei imeshuka. Mara tatu kwa gunia moja.

Mtasema ukiyazuia malori makubwa wanunuzi watakimbia. Wakimbilie wapi, na mchele wanautaka? Fuso itaingia shambani, itatoa mzigo hadi ghalani kando ya barabara kuu, lori kubwa litapakia hapo, kwa kilo zinazojulikana. Gharama itaongezeka, sikatai. Lakini leo gharama hiyo ipo, ila anailipa asiye na lori.

Kwa hiyo nasema hivi: tuzipe barabara dari. Nguzo mbili za chuma na bomba la kukingama juu yake, mdomoni mwa kila njia inayoingia mashambani, kimo cha Fuso iliyopakiwa kistaarabu. Bomba halipimi tani, najua, lakini halipokei simu ya mheshimiwa wala halipewi hela ya soda. Na faini ya uzito ianze kwa mwenye mzigo aliyeagiza lori lijazwe, siyo kwa dereva anayelipwa kwa safari na ambaye akikataa kesho kiti kina mtu mwingine.

Mvua za Katavi huanza Novemba. Fundi wa kuchomelea na mabomba machache vinatosha kabla ya hapo. Halmashauri ya Mpimbwe wakisema hawana fungu, waseme pia msimu uliopita wametumia kiasi gani kuwakwamua waliokwama.